Land Rover ya Marhumu

Ndugu yetu mmoja wa Mpwapwa ameleta swali lenye ufundi na mirathi kwa pamoja. Marhumu mzazi wao ameacha Land Rover Series III ya petroli. Gari huwaka vizuri na hutulia likiwa sailensa, lakini likikanyagwa mafuta ghafla husita, hukohoa, ndipo huchomoka. Mnunuzi amesema injini imekwisha, na bei aliyoitaja ni ya chuma chakavu. Miongoni mwa warithi wamo mjane na mayatima.

Tunamwomba asiuze kwanza. Injini iliyochakaa hukosa nguvu wakati wote. Haisiti kwa nukta moja kisha ikapona. Mguu unapokanyaga ghafla, hewa huingia katika kabureta papo hapo, ilhali petroli, kwa uzito wake, huchelewa. Ndiyo maana ndani ya kabureta huwekwa pampu ndogo ya kurusha petroli ya ziada kila pedali inapokanyagwa.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, na moto wowote ukiwa mbali, afungue mpira mkubwa wa hewa juu ya kabureta, achungulie ndani, kisha asukume kwa mkono fimbo ya mafuta. Anapaswa kuona petroli ikiruka mara moja, kwa mchirizi ulionyooka. Isiporuka, au ikidondoka kivivu, pampu imelika au vijitundu vyake vimezibwa na utando wa petroli iliyolala. Gari lililoegeshwa tangu msiba haliwezi kukosa utando huo.

Petroli ikiruka vyema, atazame hewa ya wizi. Zenith 36 IV, kabureta ya asili ya gari hilo, ina aibu inayojulikana: uso unaokutanisha sehemu zake mbili hupinda, hasa bolti zikikazwa mno, na hewa hupenya. Fundi mtulivu huusugua kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo bapa hadi unyooke, kisha hubadilisha gasketi na kijiringi cha mpira kilichomo ndani. Haya yote si kazi ya kununua kabureta mpya. Wapo watakaousingizia mwinuko wa Mpwapwa, takriban mita 1,000 juu ya bahari. Lakini hewa hafifu huzidisha petroli katika mchanganyiko, haiipunguzi. Kabureta ikiwa salama, ndipo zikaguliwe pointi na distribyuta.

Warithi wakichagua kuuza bila kutengeneza, mnunuzi aambiwe kusita huko waziwazi, kwani si halali kuificha aibu ya bidhaa. Lakini aambiwe na chanzo chake, ili bei ya mayatima isishushwe kwa uvumi.

Kwa sasa gari lisifikishwe Mbande. Pale barabara ya Kongwa inapoingia ile ya Dodoma na Morogoro, malori huja kwa kasi, na nukta moja ya kusita ni ndefu mno. Akishachungulia, atuarifu alichokiona.