Kwenye simu haionekani hivyo

Mwandishi anayedai kwamba kununua picha za wanamuziki wa roki, zile zinazochapwa kwa idadi maalumu, ni kutupa pesa kwa kuwa "zote zimo kwenye simu", amekosea. Hapa Birmingham, mji wa Black Sabbath, nimesimama mbele ya picha ya Queen aliyoipiga Mick Rock mwaka 1974: Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, mikono imepishana kifuani, giza limemeza mabega ya wenzake. Pembeni, namba ya nakala na saini. Rock alifariki mwaka 2021; hatasaini nyingine. Wanaozificha picha hizi wakingoja bei ipande, mwandishi huyo awaseme. Aliyedunduliza mshahara aitundike sebuleni, wanawe waione kila siku, amwache.