Siri za Wananchi Zisifungiwe Karanga

Juma lililopita nilinunua karanga za shilingi 500 kwa kijana mmoja katika kituo cha basi. Nilipozimaliza niliikunjua ile karatasi, kama ilivyo desturi ya sisi tusioweza kuacha kusoma chochote kilichoandikwa. Ilikuwa ni fomu ya maombi iliyokwisha kujazwa na kupokewa katika ofisi moja. Ilikuwa na majina matatu ya mama mmoja, mtaa anaoishi, namba yake ya simu, jina la mdhamini wake na, katika visanduku vyake, namba yake ya kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20.

Niliona ni wajibu wangu kumfahamisha. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamtaja kwa majina yake yote matatu na kuanza kueleza. Hakunipa nafasi. "Hivi nyinyi matapeli hamchoki?" akasema, kisha akakata simu. Simlaumu hata kidogo. Alifanya hasa lile ambalo wananchi wamefundishwa kulifanya.

Lakini tukio hili dogo linafichua kasoro kubwa katika vita vyetu dhidi ya wizi wa mitandao. Karibu kila onyo linalotolewa humwelekea mwananchi peke yake. Huambiwa asitaje namba yake ya siri. Huambiwa asiusadiki ujumbe usemao "ile hela itume kwenye namba hii". Maonyo hayo ni ya haki, nami sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo ni nadra kusikia likiulizwa swali linalotangulia yote: huyo mwizi amelipata wapi jina la mtu anayempigia?

Yafaa ieleweke kwamba mwizi wa siku hizi havunji mlango. Hupiga hodi, naye hufunguliwa. Hujidai kuwa mtumishi wa kampuni ya simu, hukutaja kwa jina lako kamili, hukutajia na mtaa wako ili moyo wako utulie, halafu huomba zile tarakimu zilizoingia sasa hivi katika simu yako. Tarakimu hizo ndizo ufunguo. Kwa WhatsApp ni tarakimu 6. Anayezipata huifungua akaunti yako katika simu yake, na baada ya dakika chache mashangazi zako wote wanaombwa fedha kwa jina lako. Mwingine hushirikiana na wakala asiye mwaminifu, laini yako ikahamishiwa kwenye kadi nyingine, na tangu saa hiyo ujumbe wa benki humwendea yeye. Katika hila zote hizo, silaha yake ya kwanza ni kukujua. Asiyekujua hawezi kukutuliza moyo.

Turudi kwenye ile karatasi ya karanga. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya kitambulisho cha Taifa ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba ya siri ya fedha za simu kwa kawaida ina tarakimu 4, maana yake ziko namba 10,000 za kuchagua. Je, ni wangapi miongoni mwetu waliochagua mwaka wao wa kuzaliwa? (Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao mpaka jioni ile ya karanga.)

Tusijidanganye kwamba ofisi ile ni ya pekee. Urasimu wetu unapenda mno nakala. Mtu akienda kuuliza habari ya kiwanja, anadaiwa nakala ya kitambulisho. Akirudi kesho kuulizia jibu, anadaiwa nyingine. Getini mlinzi anakuandikisha jina na namba ya simu katika daftari lililo wazi, na mgeni anayekufuata anaisoma mistari yote iliyo juu ya wake. Katika duka la kutolea nakala, kijana anakuambia umtumie vyeti vyako kwa WhatsApp ili avichape. Unalipa, unaondoka, na vyeti vinabaki katika kompyuta ya duka pamoja na vya mtaa mzima. Hakuna mwizi wa kimataifa hapo. Ni mazoea tu.

Wala hatuwezi kusema kwamba sheria hakuna. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwandama mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa mwenye kabati: akusanye taarifa kwa lengo lililo wazi, asidai zaidi ya zile zinazohitajika, azilinde, na asizikalie baada ya haja kwisha. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Kilichobaki ni sheria hiyo kufika mezani kwa karani. Atasema kwamba mashine ya kukatia karatasi ni ghali. Naam, ni ghali. Kiberiti si ghali.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Neno la siri moja lisitumike kila mahali. Akaunti zote za Yahoo, bilioni 3, ziliingiliwa mwaka 2013, na ukubwa huo haukutangazwa mpaka mwaka 2017. Aliyekuwa na neno lile lile katika benki yake alikaa miaka kadhaa bila kujua. WhatsApp iwekewe namba ya siri ya pili. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwani wako mawakala waliomwambia mteja "weka kidole tena, hakijasoma" nao wakasajili laini ya pili. Namba ya tapeli itumwe 15040.

Hata hivyo narudia kwamba mama yule hakukosea popote. Alijaza fomu aliyopewa, akaitia sahihi, akaikabidhi kwa mtumishi aliyeketi nyuma ya meza. Mkuu wa ofisi asomaye makala haya na afungue leo kabati lililo nyuma ya mlango wake, aulize fomu za mwaka 2019 bado zinamsaidia nini, kisha aulize ni nani hupewa karatasi kuukuu kila mwisho wa mwaka.

Fomu ya mama yule niliichoma jikoni kwangu usiku ule ule. Kesho yake nilirudi kituoni nikiwa na nia ya kulinunua bunda zima. Kijana alicheka, akaniambia zimekwisha. Karanga zilikuwa zimetoka vizuri.