Mjadala wa Wengi, Jina la Mmoja

Na Mchokonozi

Wiki hii Mchokonozi ameletewa rasimu ya makala, akaiweka chini kabla ya kufika katikati. Wasomaji wa safu hii wanajua anavyoyachukia maneno "wanazuoni wamekubaliana". Safari hii yameandikwa juu ya jambo ambalo wanazuoni wenyewe bado wanavutana mashati.

Mvutano huo ulikuwa katika kundi la WhatsApp la wahadhiri, walimu na wapenzi wa historia ya pwani. Chanzo ni utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uliochunguza DNA ya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda, Mtwapa na Kilwa. Wengi wao walionekana kuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Na kuanzia karibu mwaka 1000 palikuwa na mchanganyiko na watu wa Asia, zaidi wanaume wa Uajemi. Mwalimu mstaafu wa Lamu akaandika kwamba nasaba za Kishirazi, yaani za asili ya Uajemi, zilizodharauliwa miaka mingi sasa zimepata shahidi. Binti mmoja, mtafiti wa akiolojia, akamjibu: "Shikamoo mwalimu. Makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya wenye nacho. Mvuvi na mkulima tumewauliza lini?" Mwalimu hakukubali, na binti naye hakulegeza. Usiku ule watu walijifunza.

Kisha mhadhiri mmoja akaukusanya ujumbe wote, akaugeuza kuwa makala ya mapitio, akaandika jina lake peke yake; ndiyo rasimu aliyoletewa Mchokonozi. Mwalimu amegeuka "baadhi ya wachangiaji". Hoja ya makaburi haipo kabisa.

Huu ni wizi, na unaumiza zaidi kwa sababu njia ya haki inajulikana. Mwaka 2009 Timothy Gowers, mwanahisabati wa Cambridge, aliweka swali gumu hadharani akamwalika yeyote alijadili. Katika siku 37 watu 27 waliandika maoni yapata 800, miongoni mwao Terence Tao na mwalimu wa sekondari. Makala iliyozaliwa ilitoka mwaka 2012 katika Annals of Mathematics kwa jina la pamoja, D.H.J. Polymath, na mjadala wote ukaachwa wazi ili kila mtu aone nani alisema nini. Mradi wao mwingine, uliohusu nafasi kati ya namba tasa, uliishia na makala ya tathmini mwaka 2014 ambamo washiriki waliandika kila mmoja sehemu yake, kwa jina lake na kwa mtazamo wake.

Kinachowasukuma wahadhiri wetu ni cheo. Chuo kinapima mtu kwa machapisho, na chapisho la mtu mmoja lina uzito zaidi kuliko la watu kumi; basi kumi wanafutwa.

Rasimu ile haijachapishwa, kwa hiyo muda upo. Mwalimu na binti waombwe ruhusa, kila mmoja aandike aya zake mwenyewe, na pale wasipokubaliana paandikwe kwamba hawakubaliani. Na mhariri atakayeipokea ikiwa na jina moja aombe kwanza kuonyeshwa mjadala wenyewe, ujumbe kwa ujumbe.