Kabla ya Gunia la Mbolea, Tuchimbieni Mitaro

Msimu wa kupanda ukikaribia, mazungumzo ya wakulima wa Kisumu huishia kwenye gunia. Bei ya gunia la mbolea ya ruzuku ilikuwa shilingi 3,500 mwaka 2022, ikashushwa hadi 2,500 mwaka 2023. Sina ugomvi na hilo, kwani foleni ya bodi ya nafaka, NCPB, nimeipanga kama wenzangu. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna anayetuuliza gunia hilo linaenda kumwagwa kwenye udongo gani.

Mimi nina vipande viwili vya shamba. Kimoja kiko hapa Dunga, ukingoni mwa mafunjo, cha sukuma wiki na osuga. Kingine kiko nilikoolewa, bondeni Kano, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, na hicho kina mabaka. Januari jua likiwaka, ardhi hupasuka na juu yake hutanda unga mweupe. Masika yakija, baka lilelile huteleza kama sabuni, maji yakatuama juu siku nyingi bila kuzama. Mahindi yanayoota humo hufika gotini, ncha za majani zikaungua, basi.

Ukilieleza jambo hilo kwenye duka la pembejeo, utauziwa mbolea ya DAP zaidi. Lakini mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Katika udongo ulioshiba chumvi, gunia la ziada huuongezea mmea kiu: maji yapo mzizini, mzizi hauwezi kuyavuta. Yurea nayo, ukiinyunyiza juu ya udongo wenye magadi na usiifukie, naitrojeni nyingi hupaa kama amonia kabla haijaingia ardhini. Unasimama pale unanusa pesa zako.

Asiyetaka safari ya Kano kuona chumvi inavyoua mmea, aje hapa ufuoni, nyuma ya vibanda vya samaki. Kuna mama anayetia mbuta chumvi, na jioni maji ya kuoshea huyamwaga pande zote mbili za kibanda chake. Upande wa bondeni, yanakotuama, hata ukoka umekufa. Upande wa pili, panapoteremka kuelekea mtaro wa barabara, ukoka umestawi mpaka mbuzi wanaugombania. Chumvi ni ileile na mkono ni uleule, ila upande mmoja maji yana pa kwenda.

Chumvi haifi kwa mbolea wala kwa samadi. Huoshwa ikahamishwa, na kwa kuosha sisi tuna bahati. Udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi kipimo chake cha kupitisha umeme kikifika desisimensi 4 kwa mita, na maji ya Ziwa Victoria yana karibu 0.1 tu. Mradi wa umwagiliaji wa West Kano, ulioanza miaka ya 1970, huyavuta kwa pampu, na ule wa Ahero, ulioanza 1969, hutegemea Mto Nyando. Tatizo ni kwamba kumwagilia bila njia ya kutoa maji hupandisha maji ya chini ya ardhi, nayo hupanda na chumvi yake, jua likayakausha na kutuachia ule unga mweupe. Wamisri walilijua hilo kwa uchungu. Baada ya Bwawa la Aswan kuwapa maji mwaka mzima, ilibidi wafukie mabomba ya kutolea maji chini ya mamilioni ya ekari za mashamba yao. Sisi mitaro tuliyo nayo tumeiacha izibe kwa matope na magugu.

Samadi ina kazi yake, tena kubwa. Huufungua mfinyanzi ili maji yapenye na kuishusha chumvi. Iwe imeoza vizuri, maana samadi mbichi ya kuku ina chumvi yake, na ya ng'ombe wanaorambishwa magadi vilevile. Gugumaji pia hutoa mboji, ingawa mimi siligusi lile la karibu na maji machafu ya mji; mmea ule hunyonya metali nzito. Na pale sodiamu iliposhikamana na mfinyanzi, panahitaji jasi, ileile ya dari za nyumba za kisasa. Kalisi yake huisukuma sodiamu, kisha maji huichukua.

Mbolea ya dukani ije baada ya kuosha, kidogo kidogo. Ukiitia kabla, naitrojeni huondoka pamoja na chumvi, na najua inakokwenda: huja Ghuba ya Winam kulisha gugumaji linalofunga mashua zetu hapa Dunga. Kwa hiyo sitetei mtaro unaomwaga kila kitu ziwani. Maji yake yapitie kwanza kwenye mafunjo, yachujwe, na hiyo ni sababu nyingine ya kuacha kuyafyeka.

Mpwa wangu anayesoma kilimo huniambia, "Shangazi, basi tulime ngano." Ana hoja. Maharagwe huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1, mahindi 1.7, mpunga 3, ilhali ngano huvumilia hadi 6. Tena ngano nyingi inayoliwa Kenya tunaiagiza nje. Lakini ngano hupenda baridi, ndiyo maana iko Narok na Uasin Gishu. Sudan huilima Gezira kwenye joto, ila hupanda majira ya baridi. Sisi Desemba tunalala madirisha wazi, mbu wakituruhusu. Kano ibaki na mpunga, na mabaka yake yatibiwe.

Kipimo cha chumvi cha kushika mkononi hakizidi bei ya magunia machache ya mbolea. Kila wadi ina afisa wa kilimo, au inapaswa kuwa naye. Serikali ya kaunti impe kimoja, apite mashambani Januari mabaka yakionekana, aandike nani anahitaji jasi, nani samadi, na nani hana shida yoyote ila mtaro wa jirani ulioziba. Fedha za msimu zianzie kwenye mitaro hiyo. Magunia yafuate.