Namba ya mita isitumiwe kuwaonea watu

Kakanda inachimba shaba na kobalti. Kiwanda na wakaaji wote wanahitaji maji. Mita nyingi za bomba la kiwanda hutuma umeme wa miliampea 4 maji yakisimama, na 20 yakifika kipimo cha juu.

Mita ikipangwa mwisho wake uwe mita za ujazo 100 kwa saa, na skrini ikapangwa 200, basi maji 50 yataonekana 100. Hakuna aliyeiba, hakuna bomba lililopasuka. Fundi alinganishe kwanza mipangilio ya pande zote mbili. Umeme ukiwa sifuri, aangalie waya.

Anayefungia familia maji, ziwe za wenyeji au za waliohamishwa, kwa namba asiyoihakikisha, anazionea.