Inang'aa, Lakini kwa Muda Gani?

Leo naweka kando PHP nizungumzie kemia kidogo, ila mtaona shida ni ile ile yetu.

Chukua maji yaliyoyeyushwa chumvi ya fedha (madini, si pesa), tia vipande vifupi vya DNA, kisha sodiamu borohidridi. Atomu chache za fedha hujikusanya zikiwa zimeshikwa na DNA. Kifungu hicho hakifiki nanomita 2, lakini ukikimulika kinatoa mwanga wake chenyewe. Badilisha mpangilio wa herufi za DNA, na rangi nayo hubadilika. Njia hii ilichapishwa mwaka 2004, Robert Dickson wa Georgia Tech, Marekani, akiwa mmoja wa waandishi.

Tatizo ni uhai wake. Oksijeni huila fedha. Kloridi, iliyomo kwenye chumvi ya mezani na kwenye damu, huinyakua fedha na mwanga unazimika. Sasa kipimo cha ugonjwa kitafanyaje kazi kama damu yenyewe inakiua?

Mwaka 2014 Stacy Copp na wenzake waliifunza kompyuta kuchagua DNA za herufi 10 zitakazotoa mwanga mkali. Kazi safi kabisa. Lakini kompyuta hujifunza kilichomo kwenye jedwali tu. Ukiipa safu ya mwangaza bila safu ya muda, itakuletea vinavyong'aa, si vinavyodumu. Ni kama programu inayopendeza siku ya maonyesho, halafu inaanguka wateja wakiingia.

Na msiniambie kudumu ni bahati. Mwaka 2023 kikundi cha Copp kilionyesha kwamba baadhi ya vifungu hivi vimeshikana na kloridi, na hiyo huvisaidia kustahimili kloridi ya kiwango cha mwilini. Adui yule yule, akikaa mahali pake, anakuwa mlinzi! Hilo huwezi kuliona ukipima mwanga siku ya kwanza pekee.

Maoni yangu: kila DNA mpya itangazwe na mwangaza wake baada ya siku 1, wiki 1 na mwezi 1, pamoja na kiasi cha chumvi kilichokuwa majini. Vilivyozimika navyo viandikwe, maana ndivyo vinavyoifundisha kompyuta mpaka uko wapi. Maabara zote zikipima kwa namna moja, data zitaunganishika.

Mwangaza ni maonyesho. Kudumu ndiyo bidhaa. Wanakemia mliopo, nipingeni hapo chini.