Iliyokamilika Haijafa: Kazi za Mara Moja na Huduma za Kudumu katika Tarakilishi

Wengi wetu tunaosomea Kiswahili huchukulia kwamba yanayotendeka ndani ya tarakilishi ni milki ya wenzetu wa kitivo cha sayansi. Siungi mkono mtazamo huo. Lipo kosa moja la kiufundi ambalo, kwa maoni yangu, mzizi wake ni namna ya kusema, na ambalo sarufi ya Kiswahili hulifafanua kwa wepesi wa ajabu.

Tuanzie Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Huko, mbali na ngano na viazi, kuna mashamba makubwa ya maua yanayokuzwa ndani ya vivungulio. Maji ya kunyunyizia maua huchanganywa na mbolea tangini, kisha pampu huyasukuma kwenye mipira. Mwenye kutia mbolea hutia kipimo chake akaondoka. Pampu nayo haina ruhusa ya kuondoka. Ikizimika, sharti iwashwe tena mara moja. Sasa mpe nyapara amri moja tu: yeyote anayeacha kazi arudishwe kazini. Pampu itanufaika kwa amri hiyo. Mtia mbolea, kwa upande wake, atarudishwa tangini kila anapomaliza, na kabla ya adhuhuri maua yatakuwa yameungua.

Ndivyo ilivyo katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanzishwa mwaka wa 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Tarakilishi inapowashwa, programu ya kwanza huamsha nyingine zote. Baadhi ni za kutenda jambo moja na kukoma: kukagua diski, kurekebisha saa, kuupa mtandao anwani. Nyingine ni huduma za usuli ambazo hazipaswi kukoma, kama vile hifadhidata. Zana kama daemontools ya Daniel J. Bernstein huiwekea kila huduma msimamizi wake. Huduma ikikoma, msimamizi huiamsha upya, wala haulizi kama ilikoma kwa heri au kwa shari. Kwa pampu, huo ni utaratibu mwema kabisa.

Matatizo huzuka pale fundi anapoikabidhi kazi ya mara moja kwa msimamizi wa aina hiyo. Ili isirudiwe, huifunga kwa amri ya kulala milele. Binafsi naiona hiyo kuwa hila isiyofaa. Msimamizi ataripoti kwamba kazi inaendelea, ilhali kilichopo ni usingizi mtupu. Na mlalaji huyo akiuawa kwa bahati mbaya, kazi yote itatendwa tena. Runit ya Gerrit Pape ina busara zaidi, kwa kuwa hutenga hatua ya kwanza kwa kazi za mara moja na hatua ya pili kwa usimamizi. Lakini je, kazi ya mara moja inayohitaji kusubiri huduma fulani iamke kwanza itawekwa wapi? Kwa sababu hiyo nawaunga mkono waundaji wa s6-rc na wa systemd, iliyotokea mwaka wa 2010, walioamua kuzipa aina hizi mbili majina tofauti na kuziruhusu zitegemeane.

Systemd ina hata hali ya kazi iliyokwisha toka lakini bado ihesabiwe kuwa hai. Wageni wa mfumo huo huishangaa hali hiyo. Mswahili ana sababu gani ya kushangaa? Tunaposema "mlango umefunguliwa", hakuna anayeushikilia. Mfunguaji amekwenda zake, na uwazi umebaki. Tunaposema "bawabu analinda", mlinzi lazima awepo. Tofauti ya -me- na -na- ndiyo tofauti hasa inayotafutwa.

Madhara ya kupuuza tofauti hii si ya nadharia tu. Chukua ofisi ya mradi wa maji, huko huko Timau, yenye tarakilishi moja na kumbukumbu za malipo katika diski ya pili. Umeme umekatika wakati wa mvua, ukarudi usiku. Hifadhidata ikiamka kabla diski haijaunganishwa, itakuta folda tupu na kuandika malipo mapya humo. Diski ikiunganishwa baadaye kwenye folda ile ile, hufunika yaliyoandikwa. Mkulima aliyelipa ataambiwa hakulipa, na pengine atakatiwa maji wakati viazi vinayahitaji.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ikadhihirika kwamba programu za ofisini zinaweza kusema Kiswahili. Tabaka hili la chini nalo linatungoja. Napendekeza "kazi ya mara moja" na "huduma ya kudumu", badala ya kuziita zote huduma. Iliyokwisha vyema iitwe "imetimizwa", iliyokoma kwa kosa iitwe "imeshindwa", na "imekufa" tuiachie huduma iliyozimika bila kuamriwa.